Shamba la Mzee Magesa Katika Daftari

Mjukuu wangu Nyabise,

Huku Butiama tunaamka salama. Ng'ombe mwekundu amezaa, na kaburi la bibi yako tumelijengea.

Unauliza kama ni kweli anavyosema mwalimu wako wa uhasibu, kwamba mapato ya huduma huandikwa kazi ikiisha, hata kabla ya malipo. Wakati wa Ujamaa nilikuwa karani wa kijiji. Maksai wa kijiji, waliokodishwa kwa pesa, walimlimia Mzee Magesa shamba, nami nikaandika mapato siku ileile, kama nilivyofundishwa. Alipodaiwa, Magesa alicheka.

“Karani, ile ilikuwa risaga! Watu wananilimia, mimi nawalisha. Hata wewe ulirudia ugali. Risaga hailipwagi pesa.”

Mwenyekiti akaniambia, “Ndugu, futa, au uache ukarani.”

Nikifuta, ni kama maksai hawakulima, na walilima. Nikiyaacha yalivyoandikwa, Magesa anadaiwa baada ya kutushibisha. Nilishika kalamu hadi wino ukakauka, kisha nikamkabidhi mwenyekiti daftari bila kufuta. Ukarani ukaishia hapo.

Mpaka leo sijui kama nilikosea. Mwulize mwalimu wako: kazi iliyolipwa kwa ugali inaandikwa wapi? Akijua, niandikie upesi.

Babu yako,
Wambura