Tope Tulilolidhani Tupu

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi na joto la kunata, mvua inatutisha tu. Nguo nimezianua, nikazitundika, nikazianua tena, na hakuna tone lililoanguka. Moyo nao uko vivyo hivyo.

Leo nimemwambia Bi Zuhura.

Bi Zuhura ni jirani yangu hapa Jomvu Kuu, nyumba zetu zinapakana uani. Mimi ni mtu wa kuja, mtoto wa mkulima wa Rabai niliyeletwa huku na ndoa. Yeye kazaliwa hapa, na mamake kazaliwa hapa, na wote wawili wamechimba chaza katika tope lile lile chini ya msikiti, maji ya bahari yakitoka. Ndiye aliyenifundisha kuwapika chaza kwa nazi. Ndiye aliyenicheka nilipokwama matopeni mara ya kwanza, hadi magotini, nikapiga kelele kama mbuzi.

Kwa hiyo tulipoanzisha kikundi cha kina mama cha kupanda mikoko, nilimwendea yeye kwanza. Mikoko ya nyuma huko, upande wa nchi kavu, ilikuwa imekatwa vibaya kwa kuni na nguzo, na hapo ndipo tulipopaswa kupanda. Lakini hapo pana visiki, pana taka, na pana maneno ya watu wanaodai kila mmoja kipande chake. Mbele yake palikuwa peupe, tope wazi hadi majini. Kwetu Rabai ardhi isiyo na mmea ni ardhi inayongoja jembe. Nikasema tupande hapa. Tukavuta kamba, tukapanda kwa mistari kama mahindi, na wageni wakatupiga picha. Lo, tulivyopendeza na fulana zetu za kijani!

Hakuna aliyeuliza kwa nini mikoko haikuwahi kuota pale yenyewe. Mbegu zake huanguka kila mwaka, maji yanazipitisha papo hapo, na hazikai. Hata mlilana, mkoko ulio hodari wa kusimama majini kuliko wenzake, hufika ukingoni ukakoma. Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu na sisi tunafunga kamba.

Bi Zuhura alipanda kuliko sisi sote. Wajukuu zake wako Muscat, hajawahi kuwashika hata mmoja, huwaona kwenye simu tu. Basi kila mmoja akampandia mti. Kuna mti wa Salim, kuna mti wa Rahma, kuna wa yule mdogo aliyezaliwa juzi. Miche mingi ya kikundi ilikufa. Ya wajukuu haikufa, kwa sababu kila maji yakitoka yeye hushuka kuiondolea mwani na makome kwa vidole. Mimi ndiye mpiga picha wake. Mti ukitoa jani jipya, naitwa.

Juma lililopita nilikwenda kwenye semina ya vikundi, upande wa Bamburi. Mkufunzi akatuuliza kila kikundi: kabla hamjapanda, palikuwa na nini?

Nikasimama, nikajibu kwa sauti, "Hapakuwa na kitu."

Nilipoketi ndipo iliponijia ndoo ya Bi Zuhura. Hapakuwa na kitu, na mwanamke yule alikuwa akirudi na ndoo imejaa! Mwenyewe nimeila, nimeramba na vidole.

Mkufunzi aliendelea kueleza na mimi nilikuwa nikitamani kujificha chini ya kiti. Kaa wa msitu wa mikoko hukokota majani yaliyoanguka na kuyatafuna, maji yakaja yakachukua makombo, yakayamwaga kwenye tope wazi. Huko wanangoja minyoo na chaza, na chaza hula kwa kuyachuja maji, ndiyo maana hori, mkono huu wa bahari, husafika. Maji yakijaa, samaki wadogo huja kula. Yakitoka, wanakuja ndege sululu na midomo yao mirefu. Msitu ni jiko na tope ni meza, na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Sisi tuliacha jiko bovu lilivyo, tukaenda kujenga jingine juu ya meza ya watu.

Nikarudi nyumbani na sikusema neno.

Leo maji yalipotoka Bi Zuhura alinigongea mlango, tukashuka. Kati ya mistari tope limekuwa jeusi, laini, linanuka mayai viza. Miche imepunguza mwendo wa maji, na kila udongo mwororo unaopita hutua hapo ukawafunika chaza waliomo. Amechimba kwa kisu chake butu kwa muda mrefu, mgongo umepinda. Chaza aliowapata hawakufunika hata tako la ndoo, na wengi walikuwa maganda matupu.

Akajinyoosha, akaitazama mikono yake.

"Ishazeeka hii, Mama Eliza," akaniambia. "Haijui tena waliko. Mamangu alichimba hata mato yakaingia kiza, na ndoo ikijaa."

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Lakini kumwacha mtu aamini kwamba ni mikono yake! Nikamwambia yote, pale pale, miguu ikizama.

Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitaka anikemee, ningepoa. Akaenda kwenye mti wa Salim, akabandua kome mmoja shinani, akamtupa mbali. Kisha akaniuliza nimelijua lini jambo hili. Nikamwambia tangu juma lililopita.

"Juma zima, nasi twanywa uji pamoja?"

Nikainama kuichukua ndoo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sikujua kwamba yangekuja na majina, Salim na Rahma.

Kuing'oa miche hatuwezi hivi hivi. Kung'oa mkoko bila kibali ni kosa, na sheria hiyo ni sisi wenyewe tulioihubiri nyumba kwa nyumba. Na hata tukipewa kibali, nani atamshikia Bi Zuhura mkono aung'oe wa mjukuu wake? Ila liko jambo moja linaloweza kuzuiwa. Jumamosi ijayo wanakuja wageni wengine, na miche iko tayari kwa kile kipande cha tope kilichobaki, upande wa njia. Chaza waliosalia wako hapo tu. Kesho nikitoka kanisani nitamwendea mwenyekiti wetu, nimwambie miche hiyo irudi nyuma kwenye visiki, penye taka na ugomvi, mahali pake. Atakasirika. Pengine wataniondoa kwenye ukatibu. Naandika hapa ili nisije nikageuza maneno nikifika mlangoni pake.

Tulipanda mteremko kurudi nyumbani. Ndoo niliibeba mimi, na wepesi wake ulinichoma. Nilipoitua mlangoni kwake nikasema nisamehe, Bi Zuhura. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe.

"Kesho maji yakitoka uje na simu," akasema. "Unipigie picha."

Nikamuuliza mti wa nani.

"Si mti. Kule kulikobaki. Wale watoto wapate kuona mahali nyanya yao alipokuwa akijaza ndoo."

Nimempigia picha za miti hadi simu ikalalamika imejaa. Sasa nimekaa nayo mkononi, nafuta moja moja kupata nafasi, na najiuliza: tope hupigwaje picha, ili mtoto aliye Muscat asije akaitazama akasema, mbona hapana kitu?