Mkono wa Shati la Bluu

Kwako Baba Watoto,

Salamu sina nyingi. Mdogo ameota meno mawili na ananing'ata. Mama yako ameniambia bado umenuna huko kwake, na kwamba unataka uletewe gari.

Gari linawaka. Injini uliyoifungua sebuleni nikiwa mjamzito, ukaja kuifunga mtoto akiwa anatambaa, sasa inanguruma vizuri tu. Siku ile ilipokohoa na kuzima, ulimgeukia binti yako, mtoto wa miaka minne: "Umetia nini humu, mkosi wewe?" Ukabeba begi ukaondoka.

Nilimwita fundi wa mtaa wa pili. Alisikiliza kidogo akasema, "Shemeji, hii imekabwa, haipati hewa." Akafungua bomba la kuingizia hewa, akavuta taratibu, ukatoka mkono wa shati lako la bluu. Uliuchomeka mwenyewe ili vumbi lisiingie, ukasahau. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Binti yako akipita karibu na gari huficha mikono nyuma, na jana aliniuliza, "Mama, mimi ndo nimeua gari?"

Ufunguo ninao mimi. Njoo, lakini usianze na gari. Kaa chini naye, umwonyeshe huo mkono wa shati nilioukunja kwenye bahasha hii, umwambie ni wa nani na nani aliuweka. Ukishindwa, endelea kutembea kwa miguu.

Ni mimi,
Mama yake huyo mkosi wako