Nilimnyoa Binti Yangu Sokoni

Mama Donatienne mpendwa, mshauri wetu wa redioni, naomba msaada wako, na nakuomba usiisome barua hii haraka kwa sababu nimeichana mara tatu kabla ya kuituma. Mimi ni Abubakari, fundi cherehani hapa Muyinga, wazazi wangu walikimbilia Tanzania mwaka 1972 nikiwa mgongoni, nikakulia huko, nikaoa huko, na mke wangu akafia huko, akaniachia binti mmoja, Hidaya, na mwaka 2009 tuliporudi Burundi alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Kule alikuwa darasa la sita na akisoma vizuri, lakini hapa Kifaransa hakukijua na Kirundi chake kilikuwa cha kubahatisha, wakamrudisha mwaka wa tatu, yaani darasa la tatu, pamoja na watoto wanaomfika kifuani, wakamwita "Mtanzania", na mimi nilimwambia tu avumilie, nikarudi kwenye cherehani yangu. Haukupita mwaka akaanza kumtukana mwalimu, halafu akawa anapiga mawe mabati ya majirani, anang'oa maharage ya watu, anatafuta ugomvi na yeyote, kila siku mlangoni kwangu kuna mtu wa kulalamika. Nilimchapa. Akazidi. Nikamchapa zaidi, akachukua mkasi wangu akalikata gauni la bibi harusi ambalo lilikuwa limebaki kushonwa mikono tu.

Mwezi wa tatu mwaka huu Bi Mwajuma, mzee anayekaanga mandazi karibu na soko, alimtania mbele ya wateja, "Huyu ndiye mkubwa wa mwaka wa tatu," na Hidaya akalipiga teke karai, mafuta yakammwagikia mzee wa watu mguuni. Niliposikia kilio nilitoka mbio na mkasi mkononi, nikamburuta binti yangu hadi katikati ya soko, nikamnyoa kichwa chote watu wakitazama, wengine wakinipigia makofi, na makofi yale, Mama, nasema kweli, yaliniingia, nikajiona ndiye baba. Hakulia. Nilipomaliza akaniuliza polepole, "Baba, umeridhika?"

Kesho yake hakuwepo. Yuko Gitega kwa mama yake mdogo, Zaituni, na Zaituni ananiambia kwa simu kwamba huko anapika, anafua, hajagombana na mtu hata mmoja. Nikamuuliza, "Kwa hiyo tatizo ni mimi?" Akasema, "Shemeji, siku ile ya lori ulimwahidi nini?" Nilikuwa nimemwahidi kwamba kabla ya kuondoka tutapita makaburini akamuage mama yake, lakini lori la kuturudisha Burundi lilifika mapema, mizigo ilikuwa mingi, nikamwambia, "Panda, tutakuja siku nyingine," naye akapanda, na tangu hapo sijalitaja jina la mama yake nyumbani kwangu, kwa sababu linaniuma mimi.

Sasa majirani wanasema mtoto ana pepo, shefu wa kartie, mkuu wetu wa mtaa, anasema asirudi, na mimi sijui nimchukue, nimwache, au nimpeleke kwa mganga. Nifanye nini?

Abubakari, Muyinga

*

Baba Hidaya,

Ihangane, pole ndugu yangu. Barua yako nimeisoma hapa Gitega taratibu, mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi.

Bon, tuanze na pepo. Ni pepo gani huyo anayekaa Muyinga na kukataa kupanda basi la Gitega? Hakuna pepo. Iko mtoto aliyefiwa na mama, akapoteza shule, akapoteza hata lugha ya kujitetea, na mtu mmoja aliyebaki naye akamwambia avumilie. Aliponyamaza hakuna aliyemtazama. Alipotupa jiwe, mtaa mzima ulitoka nje. Na kila fimbo yako ilimfundisha kwamba mwenye nguvu ndiye anayeumiza. Pale sokoni wewe ukamalizia somo.

Lakini usinielewe vibaya. Kujua sababu siyo kumsafisha. Bi Mwajuma alikosea kumcheka mtoto wa mwenzake, ndiyo, ila mguu wake umeungua, na Hidaya lazima amtazame usoni huyo mzee na kumwomba radhi. Siku ile atakapokuwa tayari, aende kwa miguu yake, asiburutwe. Mpaka hapo nenda wewe, kila asubuhi, umchotee maji na kumwashia moto.

Jumamosi hii panda basi uje Gitega, peke yako, mikono mitupu. Usimletee kitenge. Mbele ya Zaituni sema, "Nilikukosea." Taja lori, taja soko, mtaje mama yake kwa jina, halafu funga mdomo. Usithubutu kuongeza "lakini na wewe". Akikutukana, sikiliza. Mpangie tarehe ya kwenda makaburini, tarehe ya kweli. Muulize anataka kuishi wapi, na atakalosema ulifuate. Akichagua Gitega, Zaituni amtafutie mtu wa kumfundisha Kifaransa, na wewe ndiye utakayekuwa mgeni. Itauma. Uvumilie wewe sasa.

Ukirudi Muyinga, simama palepale sokoni, mchana, shefu akiwepo, uwaambie waliokupigia makofi kwamba ulimwaibisha mtoto na hukumrekebisha.

Usingoje aanze yeye. Mimi nilimngoja mwanangu aanze, nikijiambia mama haombi radhi. Ni mwaka wa tisa sasa, na habari zake nazisikia kwa watu.

Huenda Hidaya asitoke chumbani. Usigonge mara mbili, wala usimtume Zaituni akamvute. Kaa sebuleni mpaka basi lako likaribie kuondoka, kisha umwambie ukiwa nje ya mlango wake kwamba Jumamosi ijayo utafika saa nne. Na Jumamosi hiyo, Abubakari, ufike saa nne.

Donatienne