Siku Nilipofagia Foleni

Jumatatu, 2 Machi 1981
Saa kumi na mbili niko zahanati. Jiko la mafuta ya taa linatoa moshi, nimechemsha sindano hivyo hivyo. Sista mwenzangu yuko likizo ya uzazi, niko peke yangu chumba cha sindano wiki ya tatu sasa. Barazani foleni imeshapangwa: mawe, chupa, kandambili. Kila kimoja kinamshikia nafasi mama aliyekwenda kupanga foleni nyingine ya sukari. Watoto arobaini na kitu. Mmoja anaitwa Hawa, miezi minane, nimonia. Penisilini siku tano, leo ya kwanza. Mama yake mzaliwa wa Nachingwea, mpole. Miguu inaniwaka moto.

Jumanne, 3 Machi
Wakaguzi walikuwa wanakuja, baraza chafu. Nikafagia kila kitu, mawe na kandambili, nikasukumia kona moja. Kina mama waliporudi ikawa vita. Kila mmoja anadai ni wa kwanza. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Mama Hawa akasema taratibu kwamba kandambili yake ilikuwa ya tatu. Nikamjibu mbele ya wote: "Basi nipe hiyo kandambili niichome sindano." Watu wakacheka. Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.
Nilijiona nimeshinda. Mchana nikaiona kadi ya Hawa. Sindano ya pili haijachomwa.

Jumatano, 4 Machi
Hawa hakuletwa. Nimevunja mabomba mawili ya sindano. Sista mkuu anasema atarudi mwenyewe, tukiwabembeleza watatupanda kichwani. Yeye hakukisikia kifua cha yule mtoto. Naogopa. Na hasira yangu haimhusu Mama Hawa. Ni ya wiki tatu bila kukaa chini, nikamtupia yeye.
Saa tisa nikaenda kwa balozi wao wa nyumba kumi. Shikamoo, marahaba, akanipeleka mpaka kwenye chumba chao, huko Mchikichini. Mama Hawa hakuinuka. Mtoto anahema haraka haraka. Ulimi ulitaka kuamuru, nikaubana. Nikakaa sakafuni, nikauliza tu mtoto amelalaje. Akampangusa mtoto jasho. Mwisho akasema: "Ulinitukana mbele za watu, Sista. Humu chumbani hakuna atakayekusikia."
Nilimwelewa. Nikamwambia kesho nitamwomba radhi mbele yao hao hao.

Alhamisi, 5 Machi
Amekuja. Nikatoka barazani, nikasema foleni nzima inasikia: nilikosa, nilimvunjia heshima Mama Hawa, anisamehe. Sista mkuu alikuwa dirishani, kanuna. Bibi mmoja akasema, "Kumbe Sista naye mtu." Wakacheka, nami nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini kazini.
Kisha nikawaomba jambo. Mtoto anayehema haraka apite mbele, hata kama jiwe lake ni la mwisho. Wakakubali, wenyewe wakamsogeza Hawa. Tumeanza kuhesabu upya, sindano ya kwanza.

Jumapili, 8 Machi
Siku yangu ya mapumziko. Nimefungua chumba kwa ajili ya sindano moja tu, ya nne ya Hawa. Nimechelewa ibada. Sijutii.

Jumatatu, 9 Machi
Ya tano! Kifua safi kabisa, homa hakuna. Hawa amelia kwa nguvu zake zote, foleni ikamshangilia. Nimeshinda, na safari hii kweli. Tangu Alhamisi hakuna ugomvi hata mmoja. Wanaopita mbele wanapishwa na kina mama wenyewe kabla sijafungua mdomo.
 Saa nne Sista mkuu aliingia, akafunga aproni, akachemsha sindano kwa mkono wake. Nikanywa chai nimekaa kitini.

Jumapili, 15 Machi
Baada ya ibada nikapita sokoni Kariakoo. Nachagua ndizi, Mama Hawa akanikuta, tukasalimiana. Akanipa mtoto nimshike, akainamia nyanya. Alichagua moja moja, bila haraka. Hakugeuka hata mara moja kutuangalia.