Jina Lako Halikuitwa

Yaya Solange,

Nianze na habari nyepesi, maana nikianza na machozi najua utaniambia nipenge kwanza ndipo niseme. Saluni ya Maman Béa pale kwenye maduka ya Galerie bado inatupokea kila Jumapili, mlango umerudishwa nusu ili wateja wasidhani amefungua. Wasichana wapya bado wanagombania viti vilivyo chini ya zile kofia za kukaushia nywele. Na bado tunachelewa. Wewe, aliyechelewa ulimpa masufuria yote aoshe. Mimi nilijaribu adhabu hiyo, nikajikuta naosha peke yangu, nikaiacha.

Ni miezi tisa sasa tangu ututoke. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa na hasira nawe. Nimesema, basi. Hasira imepungua, shukrani imebaki, na ndiyo iliyonishikisha kalamu leo.

Unakumbuka ulivyoniokota? Nilikuwa mwaka wa kwanza wa ukunga, mtoto wa Berchem, pembeni mwa jiji, aliyejua tramu moja tu ya kwenda na kurudi. Chuoni sikuwa na mtu. Siku hiyo nilikuwa ndani ya basi, barabara ya Chaussée d'Ixelles imejaa kama kawaida, nikibishana na mama kwenye simu kwa Kiswahili chetu cha Bujumbura, nikidhani hakuna anayesikia. Ukanigusa bega. "Weye ni mutoto ya Buja, na njaa inakusumbua. Shuka na miye." Nikashuka. Mtu mwenye akili hashuki basi na asiyemjua, lakini mimi nilishuka, na jioni hiyo nilirudi nyumbani nimeshiba sombe, kisamvu chenu, na nimebeba kitabu cha anatomia cha msichana niliyemjua kwa saa tatu.

Hivyo ndivyo nilivyoingia Mafiga, kikundi chenu cha wasichana wa chuo. Ulinieleza kwamba mliianzisha mkiwa watatu, kama mawe matatu ya jikoni, na kwamba kila anayeingia anapewa yaya, dada mkubwa, wa kumwangalia mpaka amalize chuo. Wengi wenu mlikuwa Wakristo wa Bukavu na Goma, sisi Waislamu wa Buja tulikuwa wachache, na mwezi wa Ramadhani ulipofika uliwatangazia wote kwamba hakuna atakayegusa sahani kabla ya magharibi. Wakongo ishirini wakakaa wakinusa samaki na kuitazama saa ya ukutani. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Yaya wangu ulikuwa wewe mwenyewe, kiongozi, na wengine waliona wivu. Walikuwa na haki.

Kisha ule utaratibu wa majina. Kabla ya kula uliita majina yetu yote, kutoka kichwani, bila karatasi, na anayeitwa alijibu kwa ufupi. "Niko," kama mambo yanakwenda. "Niko nusu," kama yamekwama. Ilikuwa mwiko kuuliza nusu ya nini mbele ya watu. Baada ya chakula yaya wa msichana huyo alimchukua nyuma, kwenye mabeseni ya kuoshea nywele, wakaongea wawili. Sijaona mahali pengine katika jiji hili ambapo mtu anaweza kusema ameshindwa na bado akapewa sahani yake kama wengine.

Nusu yangu ya kwanza unaijua. Nilianguka mitihani, na baba alikuwa ameshawatangazia watu msikitini kwamba binti yake anasomea udaktari. Ukunga ulikuwa umepandishwa cheo njiani. Ulikuja hadi Berchem, lifti ya jengo letu imekufa, ukapanda ghorofa sita ukihema na kusingizia unene. Ukakaa kitako mbele ya baba, sketi ndefu, mikono magotini. "Papa, mutoto hajakufa. Ameanguka masomo mbili. Bon, atarudilia, na miye niko nyuma yake." Baba akamwomba mama alete chai. Mpaka leo anakuita yule Mkongo mwenye adabu. Mimi leo ni mkunga, yaya. Nimemaliza mwezi wa sita. Nimeshika kwa mikono hii watoto wanaoingia duniani wakilia, na kila mmoja nikimkabidhi kwa mama yake najua kwamba bila zile ghorofa sita nisingekuwepo pale.

Sasa na yale mengine. Marehemu hasemwi vibaya, lakini wewe hukupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo nitasema. Ulishika kila kitu mwenyewe. Ufunguo wa saluni, simu ya kikundi, namba za wazazi, siri za wasichana, vyote kwako. Tulipokuomba ugawe kazi ulicheka ukasema tutapoteza. Uchaguzi tulifanya kila mwaka, na kila mwaka ukachaguliwa wewe, kwa sababu sisi wengine hatukujua kazi yoyote ya uongozi isipokuwa kupiga makofi. Wasichana wawili waliosoma sheria walilalamika chinichini, na mimi niliwanyamazisha. Nilikuwa askari wako. Najua.

Na ulimfukuza Nadège. Kulikuwa na msichana mjamzito aliyekuwa akizirai na kukataa kula, na Nadège akaogopa, akampigia simu mama wa yule msichana. Ulimsimamisha mbele yetu. Ukasema mambo ya Mafiga hayatoki jikoni, na aliyeyatoa atoke nayo. Nadège alivaa koti lake taratibu, kitufe kwa kitufe, akingoja mmoja wetu aseme neno. Hatukusema. Mimi nilikuwa karibu na mlango, nikamfungulia.

Ndiyo maana iliponijia zamu yangu ya kuficha, nilificha vizuri. Nilikuwa kwenye mafunzo ya hospitali, nimetumwa wodi nyingine kuchukua karatasi, nikakuona kitandani, midomo imekauka, unauma shuka kwa maumivu. Nilidhani nimekosea mtu. Ulinishika mkono kwa nguvu ambazo mgonjwa hapaswi kuwa nazo. Ukanieleza kwamba umezaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao kwenu watu wanautaja kwa herufi mbili tu, tena kwa sauti ya chini.

"Wakijua niko SS watanihurumia," ukasema. "Na muntu hawezi kumufuata muntu anamuhurumia. Aziza, hii haitoki."

Haikutoka. Kwa mwaka na nusu nilikuja kila juma na uji kwenye chupa, na kila ulipolazwa nilisimama mbele ya wasichana nikasema umekwenda mji wa Liège kwa shangazi yako mgonjwa. Shangazi wa Liège aliugua sana, maskini. Wasichana walimwombea, Wakristo kwa rozari na sisi kwa dua zetu, mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo. Wewe uliyekuwepo hukuombewa na mtu ila mimi. Hilo ndilo lililonikasirisha, yaya, na nililitambua ukiwa umeshafunikwa.

Ulikufa siku ya kazi, saa za asubuhi, watu wakiwa darasani. Kwenye matanga ukumbi ulijaa. Mafiga wote walikuja, wamevaa kitenge kimoja, wamelia mpaka wamechoka, kila mmoja akisema kifo kimekuwa cha ghafla. Kisha mama yako akasimama kushukuru watu. Akanivuta mkono, akaniweka mbele.

"Uyu Aziza, mutoto ya Buja, njo yeye alikuwa anakuya hospitali kila juma. Mwaka na nusu. Mungu amubariki."

Mama wa watu alinibariki kwa moyo wake wote. Niliinua macho nikawaona wadogo zako wa Mafiga wakigeuka, mmoja mmoja, kunitazama. Hakuna aliyepaza sauti. Wangepaza ingekuwa nafuu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa wanne. Iliyofuata, watatu, pamoja na Maman Béa ambaye hahesabiki kwa kuwa saluni ni yake. Uongozi uliniachia mimi. Niliita majina kama ulivyoyaita, na viti havijibu. Maman Béa aliniambia kwa upole kwamba kama tumeisha niseme, apate kuwapa wengine nafasi. Nikaona Mafiga inafia mikononi mwangu, mwaka uleule uliponiachia. Nikawaandikia wote, hata waliotoka zamani, hata Nadège. Njooni mara moja tu, nikasema, mkitaka kunifukuza mnifukuze mkiwa mmekaa.

Walikuja. Hawakuvua makoti. Nadège alikaa nyuma kabisa. Nilianza kuita kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kuanza, na nilipovuta pumzi kwa jina la kwanza Nadège akanikatiza.

"Ngoja. Weye unaita wote. Na weye, ni nani anakuita?"

Akaniita yeye. "Aziza."

Kinywa kilishazoea. "Niko" ilikuwa tayari kwenye ulimi, miaka mitatu ya niko. Nikasema niko nusu. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kubeba, nikavunja mwiko, nikawaambia mbele ya wote nusu ya nini. Niliwaeleza kitanda, shuka, uji, Liège. Niliomba radhi kwa shangazi. Nilimwomba Nadège radhi kwa mlango niliomfungulia.

Walinigombeza kwa zamu, na nilistahili. Nadège alingoja hadi mwisho. Sauti yake haikupanda.

"Tungejua, tungekuya kukaa tu," akasema. "Hata bila kusema kitu. Aliona tutamuhurumia. Sisi tungemukalia tu, Aziza."

Hapo ndipo tulipolia vizuri, pamoja, na makoti yakavuliwa. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo lililokuwa mbele ya macho yetu miaka yote ile. Uliita kila jina Jumapili baada ya Jumapili, na halikuwahi kuitwa lako. Kwenye majina hukutudanganya hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyekuuliza. Nilikulaumu wewe kwa kuficha, na ni kweli ulificha. Lakini ishirini na kitu tulikaa pale tukila sombe yako, na hakuna aliyefikiri kwamba anayeita naye ana jina.

Tumebadilisha mambo, na mengine hutayapenda. Majina sasa anaita msichana tofauti kila juma, na wa kwanza kuitwa ni kiongozi. Ufunguo anao Maman Béa. Simu anashika Nadège, ambaye hujibu ujumbe haraka kuliko wewe, nisamehe. Siri bado ni siri, ila ikihusu uhai wa mtu, yaya wake anaruhusiwa kutafuta msaada, na hafukuzwi. Tulibishana Jumapili tatu juu ya hilo. Kiongozi ni wa mwaka mmoja, akimaliza anakaa kwenye viti vya kawaida. Mabishano yamezidi, kwa kweli. Zamani ulikata neno na tukaenda kula wali ungali moto. Siku hizi tunapiga kura na wali unapoa. Nakuhitaji zaidi siku hizo.

Sasa jambo lililonifanya nikuandikie. Mwezi huu ameingia msichana wa Goma, mwaka wa kwanza, ana miwani mikubwa, anaongea kama anayewahi basi. Jumapili iliyopita alipoitwa akasema niko nusu. Kisha, bila kupunguza sauti, kama anayesema anakwenda kununua mkate: "Donc, miye niko SS. Jumanne naingia hospitali kuongezewa damu. Nani atanikamatia notes za darasa?"

Mikono minne ikainuka. Mmoja akauliza anapenda kula nini akiwa hospitali. Mwingine akauliza wodi gani. Halafu anayeita akaendelea na jina lililofuata, na msichana akarudi kula kwenye kiti chake, hakuna aliyemtazama kwa huruma. Mimi nilikwenda nyuma kwenye mabeseni, nikafungua maji ili wasinisikie. Nililia kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo, yaya. Muda wote ule ilikuwa rahisi hivyo. Na nililia kwa shukrani pia, kwa kuwa ni wewe uliyejenga chumba ambamo mtoto yule ameweza kusema. Wewe mwenyewe ndiye hukuweza kukaa ndani yake.

Wadogo zako walipendekeza jina lako liitwe kila mwanzo wa mkutano, wote waitikie kwa niaba yako. Walikuwa na nia njema. Nilikataa. Niliwaambia jina lako tulipaswa kuliita ulipokuwa unaweza kujibu, na deni hilo halilipwi kwako tena, linalipwa kwa walio hai.

Pumzika, Yaya Solange. Mungu akulaze mahali ambapo mifupa haiumi na ngazi hazipandwi. Nakuahidi mwezi wa sita, uongozi wangu ukiisha, nitakaa kwenye viti vya kawaida kama wengine, na sitashika kitu ambacho mtu mwingine anaweza kushika. Na kila nitakapomwona mtu anayetuita sote, kazini, msikitini, hata mama jikoni kwake, nitamwita yeye kwanza, kisha nitangoja mpaka ajibu.

Mdogo wako,
Aziza