Aliyenibatiza Njiani

Sogea, Tunduma,
8 Machi 1998.

Mpendwa Shangazi Marita,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Morogoro, pamoja na Ketrina na mdogo wake. Je, mguu wako uliokuwa umevimba wakati wa Krismasi umepona? Sisi hatujambo. Baba anakohoa kidogo kwa ajili ya baridi. Mvua imejaza uwanja wa shule, na mdogo wangu Fanuel amepoteza kiatu kimoja kwenye maji hayo.

Nilitaka kukueleza habari za masomo ya Kidato cha Tatu, lakini nimepatwa na jambo ambalo mpaka sasa sijui niliweke wapi.

Mwezi wa Mei Askofu atakuja kutupa kipaimara. Kila mmoja alitakiwa kuleta cheti cha ubatizo. Changu kilipotea, kwa hiyo Padre aliwaandikia wa Isansa, tulikokuwa tukiishi nilipozaliwa, wakanakili kutoka kwenye kitabu cha parokia. Jumatano aliniita ofisini akanisomea. Penye jina la aliyebatiza hapakuwa na padre wala katekista. Palikuwa na maneno haya: “Nesta, katika hatari ya kufa.” Shahidi ni wewe.

Nikauliza Nesta ni nani. Katekista Kalisti, aliyekuwa akipanga vitabu vya nyimbo, akacheka mpaka akakaa chini.

“Humjui Nesta? Si huyu Mama Jonasi wa kilabuni.”

Shangazi, Mama Jonasi huuza pombe ya kimpumu nyuma ya uzio wa kanisa. Anaishi na mume wa mtu, hapokei Komunyo, na Jumapili hukaa benchi la mwisho. Mwezi uliopita vijana wa parokia tuliandika barua kuomba azuiwe kuuza pale, na asiingie kanisani mpaka aache. Nasema tuliandika, lakini kalamu ilikuwa yangu. Walinichagua kwa ajili ya mwandiko, nami nilifungua kamusi kutafuta maneno makali. Ilisomwa mbele ya watu wote, naye akiwapo.

Kalisti alipomaliza kucheka alisema, “Baba, yule hunywa tangu asubuhi. Nani anajua siku ile alitamka nini?”

Padre akamjibu, “Sikuulizi alikuwa amekunywa nini. Nataka kujua kama maji yalimwagwa na maneno yakasemwa. Mungu hakusubiri apate mtu safi.” Lakini alisema anahitaji neno la shahidi kwa maandishi, la sivyo itabidi anibatize tena kwa sharti, yaani iwapo ubatizo ule haukuwa halali.

Nyumbani nilimwuliza Mama, akaniambia ninyamaze. Miaka yote amesema nilibatizwa na padre. Kumbe alizimia njiani, na alipozinduka hospitalini Vwawa alikuta nina jina tayari.

Ijumaa nilikwenda kwa Mama Jonasi. Unajua ninavyoogopa watu. Nilisimama mlangoni mpaka mlevi mmoja akasema, “Mwalimu, umekuja kutusahihisha?” Wakacheka wote. Mama Jonasi akawafukuza, akanipa kigoda.

Alisema lori la mahindi mlilopanda naye kwenda hospitali lilikwama kwenye matope, nami nikazaliwa humo kimya, nina rangi ya majivu. Wewe ulikuwa umeshika kichwa cha Mama, unalia. Yeye akachukua dumu la maji ya rejeta. Nilimwuliza kama alikuwa amekunywa.

“Nilikuwa nimekunywa, mwanangu, siwezi kukudanganya. Lakini maneno nilikuwa nayajua, masista walinifundisha nikiwa msichana. Nikamwaga, nikasema, ukapiga chafya.”

Ndipo nikamwambia kwamba ile barua niliiandika mimi. Aliendelea kuchuja pombe muda mrefu, kisha akauliza kipaimara ni tarehe ngapi. Nikamtajia.

“Nitasimama nje, dirishani,” akasema. “Nje hamkunikataza.”

Leo baada ya Misa nilisimama, nikasema aliyenibatiza ni Mama Jonasi, na barua ile ni yangu, naomba ifutwe. Mama alitoka nje kwa aibu na hajasema nami tangu asubuhi. Halmashauri ya parokia itakutana Alhamisi kulijadili jambo hili.

Shangazi, niandikie ulichosikia ndani ya lori lile. Usiongeze neno kwa kunihurumia. Kama kilio kilikuzuia usisikie, sema hivyo, nami nitakubali kubatizwa tena. Lakini naomba sana iwe ulisikia, kwa maana sitaki maji mengine zaidi ya yale.

Msalimie Ketrina na Bibi Atuganile, mwambie kile kitabu cha sala bado ninacho. Bwana akulinde uingiapo na utokapo, na mguu wako upate nguvu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Scola Gibson