Neno "get" na mtihani wa Mama Furaha

Jumanne, Edmonton, Kanada

Na hawa Waingereza ndio waliotutawala! Neno moja, "get", tena si lao, waliliokota kwa mabaharia wa kaskazini. Kupata ni "get", kuelewa "get", kupanda basi "get", hata kuzeeka "get". Uvivu mtupu.

Leo namfundisha Mama Furaha, jirani yangu Mkongo, akafunga daftari. "Kaka, kesho nikishindwa huu mtihani, uraia basi tena."

Nikamwambia mimi nimezunguka bandari saba, Kiingereza nakijua kuliko wenyewe. Akacheka. "Muongo weye!" Lakini daftari akalifungua.

Sikumwambia kwamba mtihani huohuo mimi nimefeli mara mbili. Kesho nitamsindikiza, na njia nzima nitamwambia ni rahisi.